Nilimpangia Baba Mkwe Makopo Yake

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi barua ikiwa ndefu, maana mtu aliyefanya kazi ya masjala miaka kumi na minne hawezi kueleza jambo bila kuanzia faili la kwanza. Kwa ufupi shida yangu ni hii: nilitaka kumshukuru baba mkwe wangu, na shukrani yangu imemtoa kwenye karakana yake mwenyewe. Leo ni siku ya tisa hajakanyaga humo.

Mwaka juzi ofisi yetu ilifungwa, tukaambiwa kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta, mafaili yakapakiwa kwenye lori na mimi nikarudi nyumbani na kikombe changu cha chai na mashine ya kutobolea karatasi. Mume wangu akasema nipumzike, nikapumzika mpaka nikachoka kupumzika, nikawa nashinda na gauni la kulalia, napanga kabati la sahani, nalipangua, nalipanga upya. Siku moja napita uani na beseni la nguo, baba mkwe, ambaye ni seremala tangu ujana wake na tunaishi naye tangu mama mkwe alipofariki, akatoa kichwa mlangoni pa karakana akaniambia, "Mwanangu, shika hapa." Nikaweka beseni chini, nikashika ncha ya ubao, akakata. Nilipotaka kuondoka akasema, "Bado kuna mwingine." Shangazi, huo mwingine haujaisha mpaka leo.

Alinifundisha randa, msumeno, gundi na msasa, na msasa niliupenda kuliko vyote kwa sababu ndiyo kazi iliyofanana na yangu ya zamani, unarudia jambo lile lile mpaka linyooke, basi akanibandika jina la Msasa, mezani utasikia "Msasa, nisogezee chumvi," mpaka wageni wakadhani ndivyo nilivyoandikwa kwenye cheti. Kigoda changu cha kwanza kilikuwa na miguu mitatu yenye akili na mmoja mkaidi, lakini mzee alikikalia chakula kizima, anayumba huku anakula, na alipomaliza akanawa mikono na kusema, "Kimenibeba." Niliingia chumbani nikalia. Tangu ofisi ifungwe hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitu changu kimefaa.

Ana ufundishaji wake. Hapendi kunipa jibu. Akitaka kipimo ananiambia, "Nisomee futi hapo, nione kama umejua," nasoma, anasema sawa, tunaendelea. Ubao hautazami sana, anaupapasa kwa kiganja toka ncha hadi ncha, anasema hapa pamebaki, nami nikiinama nikachungulia naona kweli pamebaki. Mimi najisemea kimoyomoyo, huu ndio ufundi wenyewe.

Kilichokuwa kinanikera ni kimoja tu, rafu ya vitu vya kumalizia kazi, yaani vanishi na mafuta na nta na jamaa zao. Makopo kumi na tisa, hili limebonyea ubavu, lile limekula kutu, moja limefungwa kamba shingoni, jingine limegandishwa msumari juu ya kifuniko, jingine limevishwa kipande cha mpira wa baiskeli. Karatasi za majina nyingi zimefifia au zimekwisha kabisa. Na vitambaa vya kupakia mafuta alikuwa anavianika kimoja kimoja kwenye waya nje, vimekakamaa kama samaki wa kukaushwa, majirani wanaviona. Mtu wa masjala akiona vile damu inamchemka.

Sasa wifi yangu ana mimba, ya kwanza, na mzee akasema kitanda cha mtoto nitakitengeneza mimi, yeye atakuwa msaidizi wangu. Nimekitengeneza. Nimekipiga msasa mpaka ukipitisha soksi hainasi. Kimebaki kupakwa tu, na nilipomuuliza nipake nini, vanishi ing'ae au mafuta, alinijibu, "Mtoto atazitafuna hizo fito. Siku ikifika nitakutolea kopo lake."

Mume wangu akampeleka mzee kwa wifi kwa siku tatu, nikaona hii ndiyo nafasi. Nilikuwa nimekusanya chupa za jemu na za asali, zote saizi moja, nikazichemsha, nikazikausha, nikahamishia kila kitu humo, na juu ya kila chupa nikabandika karatasi nyeupe yenye jina kwa mwandiko wangu wa masjala, mdogo, ulionyooka, pamoja na daftari la rafu kuonyesha kipi kiko wapi. Penye jina nilinakili jina. Pasipo na jina niliandika nilichokiona, na ndiyo maana leo tuna "Vanishi", "Sandingsila" ile ya kutangulia vanishi, "Nta", halafu, usinicheke, "Mafuta ya kahawia namba moja" na "Mafuta ya kahawia namba mbili". Makopo nikampa mkusanya vyuma. Vitambaa nikavikunja mara nne nne, nikavipanga kwenye boksi la viatu lenye mfuniko, chini ya benchi. Nilisimama mlangoni nikaitazama ile kazi na moyo wangu ukajaa, nikasema leo Baba atajua ninavyomthamini.

Aliporudi nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe. Akasimama mbele ya rafu. Akagusa chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipapasa zote mpaka mwisho wa rafu, polepole, kama anazihesabu. Akauliza, "Lile la kamba liko wapi?" Nikamwambia, "Baba, kamba zote nimetupa, sasa kuna majina." Akaondoa mkono kwenye rafu. Kisha akasema, "Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Ahsante sana." Akatoka, mkono mmoja ukutani, akaenda chumbani kwake.

Tangu siku hiyo anasema magoti yanamuuma. Haingii karakana. Mezani ananiita mwanangu, Msasa halisikiki tena. Juzi nilimpelekea zile chupa mbili za kahawia nikamuuliza ipi ni ya mtoto, akazishika, akazigeuza geuza, akanirudishia akasema, "Si umeandika majina? Soma." Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kila siku nazijaribu zote mbili kwenye vipande vya mbao, nafuta, nakunja kitambaa, natia kwenye boksi, sioni tofauti yoyote.

Mume wangu anasema mzee amenuna, wazee hawapendi vitu vyao viguswe, nimwache atapoa. Lakini siku tisa, Shangazi. Nimwombe radhi kwa lipi wakati yeye mwenyewe alinishukuru? Na kitanda nikipake nini, wifi amebakiza miezi miwili? Kitanda hata fundi mwingine anaweza kunimalizia. Ila mtu aliyenitoa kwenye gauni la kulalia ni mmoja, na ninachotaka ni arudi kwenye karakana yake.

Ni mimi, Msasa.

*

Msasa,

Kabla sijakusalimu, simama. Nenda chini ya hilo benchi, litoe hilo boksi la viatu, lipeleke nje, na kila kitambaa ukitandaze peke yake kwenye waya, kama alivyokuwa akifanya baba yako. Gazeti litakungoja.

Umerudi? Haya, habari za huko.

Mimi kuhusu mbao najua kukalia tu, kwa hiyo barua yako niliipeleka kwa fundi samani aliye nyuma ya ofisi yetu. Aliisoma amesimama, na alipofika penye boksi la vitambaa alitafuta kiti. Anasema mafuta ya mbegu za kitani, ambayo kwa maelezo yako ndiyo hayo ya kahawia, yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikianikwa joto linakwenda na upepo. Kikikunjwa na kurundikwa na wenzake gizani, joto halina pa kwenda, linapanda, na boksi linaweza kushika moto hapo hapo bila mtu kuwasha kiberiti. Wewe ulikuwa unaliongeza kila siku, chini ya benchi la mbao, nyumba ina mzee ndani. Hao majirani waache waone vitambaa. Vikishakauka kabisa na kuwa vigumu, ndipo utavitupa.

La pili nalo ni la kugombezwa, vumilia. Chupa ya jemu ni ya jemu. Familia inatarajia mtoto, na watoto hawasomi mwandiko wa masjala. Siku moja mtu mwenye njaa ataona kitu cha rangi ya asali kwenye chupa ya asali, na hapo hatutaandikiana barua tena. Isitoshe, kioo kinapitisha mwanga, na chupa iliyojaa nusu ina hewa nusu, na hewa ndiyo inayotengeneza ule utando mzito juu ya vanishi. Tafuta makopo ya chuma yenye kifuniko cha kubana, madogo, ili kila kitu kifike karibu na mdomo. Futa mdomo wa kopo kabla ya kufunika, gonga kifuniko kwa kipande cha ubao kizunguke sawasawa, andika na tarehe uliyofungua. Yakae penye kivuli, mbali na jiko, kwenye kabati lenye kufuli. Tina ya kuzimulia vanishi, na spiriti, ndiyo usiziache karibu hata na mshumaa.

Kuhusu kupaka, fundi anasema hivi, nami nakunakilia kama mlivyozoea masjala. Vanishi inakaa juu ya ubao kama ngozi, inafaa meza ya vikombe vya moto. Mafuta yanaingia ndani ya ubao. Nta inapakwa mwisho, juu ya mafuta, na ukishapaka nta usirudi na vanishi maana haitashika. Sasa hayo mafuta yako mawili. Moja huenda ni mafuta matupu, na jingine yametiwa dawa ya kuyakausha haraka, na hiyo dawa haifai kinywani mwa mtoto. Ukidondosha tone la kila moja juu ya kioo, lenye dawa litakauka siku moja au mbili, lile tupu litakaa hata wiki likiwa linanata. Hilo ni la kukuridhisha udadisi tu. Kitanda cha mtoto hakipakwi kitu ambacho jina lake ni "kahawia namba moja". Nunua kopo jipya, usome lote mpaka herufi za chini, lazima liseme wazi kwamba linafaa kwa vyombo vya chakula au vitu vya watoto. Paka nyembamba, futa yote yanayobaki juu, rudia siku nyingine, kisha kitanda kikae panapopita hewa mpaka harufu iishe kabisa. Miezi miwili inatosha ukianza wiki hii na siyo ukiendelea kulia chumbani.

Sasa tuje kwenye kilichokufanya ushike kalamu.

Baba yako hajanuna. Mumeo ni mtu mwema, lakini hapo amebahatisha na amekosa. Chukua barua yako uisome kama faili la mtu usiyemjua. Mzee anaomba kusomewa futi, kila mara. Mzee hautazami ubao, anaupapasa. Mzee anapelekwa kwa binti yake, haendi peke yake. Chumvi iko mezani, yeye anasubiri kusogezewa. Anatoka karakana mkono ukutani, anasema magoti, nawe unaamini. Makopo yake moja lina kamba, moja lina msumari, moja lina mpira. Mwanamke wewe, umeandika kurasa nne na hujaona ulichokiandika. Baba yako haoni, au anaona kidogo sana, na amelificha jambo hilo ndani ya kazi yake, mahali ambapo mikono yake inajua njia.

Ile kamba na ule msumari ndiyo ilikuwa masjala yake. Kila kopo lilikuwa na jina lake kwa vidole. Ukaingia na chupa kumi na tisa zinazofanana kama pacha, ukambandikia mtu asiyeona mwandiko mdogo ulionyooka. Ndiyo, pua yake ingemsaidia kwa nta na kwa spiriti, lakini mafuta mawili yanayokaribiana harufu yanamshinda hata mwenye macho, na wewe ni shahidi. Alipokwambia "Soma," hakukupiga kofi. Alikuwa anakuomba umsomee, kama anavyokuomba siku zote, na safari hii hakuwa na futi la kujifichia.

Usianze tena kulia, nina moja la kumalizia. Wewe unaamini siku ile ya beseni mzee alikuhurumia, na tangu hapo unabeba deni la shukrani kama gunia. Huenda alikuhurumia. Ila mtu wa msumeno ambaye mstari umeanza kumpotea alikuwa anamhitaji mtu makini, mvumilivu, anayesoma namba bila kukosea na asiyeuliza maswali mengi, na huyo mtu alikuwa anazunguka uani na gauni la kulalia. Alikupa kazi, ukampa macho. Mwaka na nusu mmekuwa mkishukuriana na kila mmoja akidhani yeye ndiye anayedaiwa. Mimi nimesoma barua nyingi kwenye kiti hiki, za wakwe wanaokulana nyama, na yako niliisoma mara mbili kwa raha zangu.

Basi fanya hivi, tena mchana, mkiwa wawili tu. Usimtangazie mezani, usimwite mumeo kwanza, na sauti ya kumbembeleza mgonjwa wodini iache nje. Andaa makopo matupu, kamba, misumari na vipande vya mpira. Mwambie kweli: "Baba, nilitupa alama zako bila kuuliza, nisamehe. Kopo la kamba lilikuwa la nini?" Umeomba radhi kwa jambo lenye jina, na ataipokea. Halafu yeye achague alama, wewe ufunge. Fundo moja, mafundo mawili, atakavyo. Chini ya kamba andika jina, kubwa, kwa ajili yako na wengine. Kile ambacho wote wawili hamkijui kitengeni kitupwe, msikimwage kwenye mtaro.

Macho mtayafikia. Mkishafunga kopo la mwisho, mwulize taratibu tangu lini. Akikwambia, ndipo mumeo ajue, kwa ruhusa yake, na mzee apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Macho ya uzee mengine hutibika, mengine huzuiwa yasizidi, na wa kusema lipi ni lipi ni daktari. Msumeno asiushike tena bila wewe kuwepo. Hilo msilijadili.

Najua atakataa kutoka. Atakwambia magoti. Usibishane na magoti. Chukua ubao mmoja mrefu kule karakana, uburute mpaka mlangoni pa chumba chake, umtie ncha moja mkononi, useme, "Baba, shika hapa."

Akishamaliza kushika na akataka kurudi kitandani, mwambie bado kuna mwingine.

Shangazi